Mtu Mmoja kwa Mashine Moja

Irankunda alichagua kusomea biashara kwa sababu ya meza.

Tangu akiwa na miaka tisa alikuwa akifuatana na mama yake ofisini, leo ofisi ya nyumba, kesho ya shule, keshokutwa ya bima ya afya. Kila mahali palikuwa na meza. Upande mmoja alikaa mtu mwenye kompyuta, anayejua kitakachofanyika. Upande wa pili alikaa mama yake, Ninahazwe, na mfuko wa plastiki uliojaa makaratasi mapajani. Irankunda alisimama kando ya mama yake akitafsiri, na mara nyingi alilazimika kutafsiri neno hapana. Alipofika kidato cha mwisho alikuwa ameshaamua moyoni kwamba yeye atakaa upande wa kompyuta.

Mama yake alitaka asomee uuguzi. Pale Granville, mtaa wa ugenini walikohamia, karibu kila binti wa Kirundi waliyesali naye alikuwa muuguzi au mlezi wa wazee, na hakuna aliyewahi kukosa kazi.

"Hiyo biashara," Ninahazwe alimuuliza, "utauza nini?"

"Siuzi kitu, Mama. Nitasimamia." Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Mama alisema Kiswahili cha kambi ya wakimbizi ya Kigoma alikomzalia, binti akajibu Kiingereza cha shule, na kila mmoja alimwelewa mwenzake bila shida.

"Utasimamia nani?"

Irankunda alicheka tu.

Siku ya chuo kufungua milango kwa wageni, alikwenda Parramatta peke yake. Mwanamke mmoja aliyevaa fulana ya chuo alimweleza kwamba shahada ya biashara ina njia tatu: uhasibu, masoko na uendeshaji. Hiyo ya tatu, alisema, ni elimu ya kuifanya kazi ile ile bila kupoteza muda wala nguvu. Irankunda alikumbuka foleni zote alizowahi kupanga na mama yake. Akajaza fomu pale pale, amesimama, kwa kalamu aliyopewa bure.

Miaka miwili ya kwanza ilimkubali. Alikuwa na kichwa cha mambo yale. Alichora michoro ya kazi iliyoanza kwa kisanduku cha kijani na kuishia kwa kisanduku chekundu, na mwalimu akaionyesha darasani kama mfano. Kanisani alibadilisha namna ya kugawa chai baada ya ibada, vikombe upande huu, sukari upande ule, na foleni iliyokuwa ikifika mlangoni ikayeyuka kwa dakika tano. Wazee walimpongeza. Alianza kuuona muda ukipotea kila mahali, hata jikoni kwao, mama yake alipokwenda kabatini mara tatu kuchukua sahani tatu.

Darasani alikaa na Lusekelo, Mtanzania kutoka Mbeya aliyemzidi miaka sita. Lusekelo alifanya shifti katika ghala la makontena kule Port Botany, na mara nyingi aliingia kwenye mhadhara na buti zake za kazi ndani ya begi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Walikuwa wakifanya kazi za kikundi pamoja tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa akimwachia mwenzake mzigo.

Mwaka wa tatu ndio wa mradi. Kila kikundi kinapewa kampuni halisi yenye tatizo halisi, kinalichunguza kwa wiki kumi, kisha kinatoa mapendekezo. Alama za mradi ule ni nyingi kuliko za somo lolote, na wanaofanya vizuri huajiriwa na kampuni zile zile. Orodha ilitoka Jumatatu moja ya mwezi wa tatu. Irankunda aliisoma akiwa kwenye treni. Mbele ya jina lake na la Lusekelo palikuwa na jina la kiwanda cha kufulia nguo kilichoko Lidcombe, kinachofua mashuka ya hospitali na hoteli.

Mama yake alikuwa amefanya kazi pale kwa miaka tisa.

Chini ya orodha palikuwa na fomu fupi. Swali la nne liliuliza kama mwanafunzi ana ndugu au uhusiano wowote na mteja. Akijibu ndiyo angehamishwa, na kampuni zilizobaki zilikuwa mbili tu, duka la samani na kituo cha kuoshea magari. Treni ilipofika Granville alikuwa bado anatazama swali lile. Akagusa hapana, akatuma, akashuka.

Alimwambia mama yake Jumapili mchana, Ninahazwe akiwa anapika maharage. Mama alizima moto kwanza, ndipo akageuka.

"Mtapima nini?"

"Muda."

"Muda wa nani?"

"Wa kila mtu. Shuka moja linachukua sekunde ngapi. Si kitu kibaya, Mama. Wanataka kujua kazi inakwama wapi."

Ninahazwe alifuta mikono yake kwa taulo, kidole kimoja kimoja. "Ukija kule," alisema, "usiniamkie."

"Kwa nini?"

"Wakubwa wakijua wewe ni wangu, watasema nimekufundisha maneno. Wenzangu wakijua, watasema nimekuleta. Pita kama humjui mtu."

Irankunda alikubali. Jambo lile lilimpunguzia hofu yake ya fomu, kwa sababu sasa walikuwa wawili wanaoficha.

Walianza kupima Jumanne iliyofuata, saa moja asubuhi. Kiwanda kilikuwa jengo refu la bati nyuma ya reli, na ndani palikuwa na joto la mvuke na kelele za kuziba masikio. Meneja wake, Leanne, aliwapokea mlangoni na keki aliyoioka mwenyewe. Alikuwa mwanamke mpole mwenye nywele fupi za kijivu, na hakusahau jina la mtu. Alilitamka jina la Irankunda vizuri mara ya kwanza, jambo ambalo walimu wake wengi hawakuliweza.

"Nina mashine tatu za kunyooshea mashuka," Leanne aliwaambia, "na siku zote ninachelewa. Niambieni kwa nini."

Kila mashine ilikuwa ndefu kama basi, na ndani yake ilizunguka mitungi mitatu ya chuma iliyopashwa moto kwa mvuke. Wanawake wawili walisimama mbele, kila mmoja ameshika pembe ya shuka bichi. Walilinyoosha, wakalilisha mashine, nalo likatokea upande wa pili likiwa kavu na limenyooka. Mbele ya mtungi wa kwanza, kwa urefu wote wa mashine, palikuwa na ufito mwekundu. Mkono wa mtu ukiugusa, mashine inapaswa kusimama hapo hapo. Kando, upande wa kushoto, palikuwa na kitufe kikubwa chekundu cha kuizima kwa kukipiga kofi.

Mama yake alikuwa kwenye mashine ya tatu, na Honorine.

Honorine alikuwa Mkongo wa Uvira, rafiki wa mama yake wa miaka mingi. Irankunda alimwita tantine, yaani mama mdogo, na alikuwa amekula nyumbani kwake mara zisizo na hesabu. Honorine alimwona, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Ninahazwe hakuinua macho kabisa. Irankunda alisimama hatua tatu kutoka kwa mama yake mzazi, akawasha saa ya simu, akaanza kuandika. Tisa. Tisa. Nane. Tisa. Kumi. Tisa.

Hakuwahi kumwona mama yake akienda upesi vile. Mikono yake ilikuwa ikiruka. Honorine naye alimfuata kasi bila kusema neno, jasho likimtiririka shingoni.

Mashine iliposimamishwa kwa mapumziko, Lusekelo aliusogelea ule ufito mwekundu. "Huu mnautumia?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Huu?" Honorine aliusukuma kwa kiganja kumwonyesha, huku msimamizi akiiwasha mashine tena. Mitungi iliendelea kuzunguka, kiasi cha urefu wa mkono mzima, ndipo ikasimama. "Huu unasikia polepole. Mashine zingine ziko sawa, ni hii tu. Tumesema. Wameandika. Basi. Sisi mumoja anaangalia shuka, mwingine anaangalia mikono ya mwenzake. Mutu wa kushoto anakaa karibu na kitufe."

Irankunda aliandika yote.

Jioni ile alimkuta mama yake amekaa jikoni, mikono yote miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi ya uvuguvugu. Hakumuuliza. Alidhani ndivyo inavyokuwa siku zote.

Wiki zilivyopita, hesabu ilikataa kukaa sawa. Vipimo vyao vilisema sekunde tisa kwa shuka. Lakini Irankunda alipogawanya muda wa siku nzima kwa idadi ya mashuka yaliyotoka, alipata sekunde kumi na tatu. Sekunde nne zilikuwa zinakwenda mahali. Alizitafuta siku mbili maktabani. Mwishowe alizipa jina, akaziandika kwa herufi nene juu ya mchoro wake bora kuliko yote aliyowahi kuchora: Muda Uliopotea.

Kutoka hapo pendekezo lilijileta lenyewe. Ikiwa wawili wanaweza sekunde tisa na bado wanapoteza nne, basi wawili ni wengi. Kibanio rahisi kingeshika pembe moja ya shuka, mtu mmoja akashika nyingine. Mtu mmoja kwa mashine moja, na msaidizi mmoja wa kuzungukia mashine zote tatu.

"Na ule ufito?" Lusekelo aliuliza. Walikuwa kwenye chumba cha kikundi, dirisha likitazama mto. "Kama mtu ni mmoja, nani ataangalia mikono?"

"Watautengeneza."

"Nani kasema?"

"Tumeuweka slaidi ya kumi na nne."

Mhadhiri wao, Bwana Fenwick, alipitia kazi yao wiki moja kabla ya kuwasilisha. Aliisifu. Kisha akaweka kidole kwenye slaidi ya kumi na nne. Mteja, alisema, aliuliza kuhusu ucheleweshaji, hakuuliza kuhusu usalama. Wasilisho zuri linajibu swali lililoulizwa. Mambo mengine yana watu wake.

Walipobaki peke yao, Lusekelo aliifungua tena slaidi ile. "Tuuache kwenye ripoti ndefu basi," alisema. "Hata nyuma kabisa."

Wakauacha. Ulikuwa mstari mmoja katika kiambatisho, ukurasa wa thelathini na moja: ufito wa usalama wa mashine ya tatu unachelewa kusimamisha mashine, wafanyakazi hutegemeana kuangaliana mikono. Irankunda aliuandika yeye mwenyewe, kisha akaufuta kwenye slaidi yeye mwenyewe.

Waliwasilisha mwezi wa sita. Leanne alisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia simu hata mara moja, akamshika Irankunda mkono kwa mikono yake yote miwili. Alama zilipotoka zilikuwa za juu kabisa. Ninahazwe aliichapisha ile karatasi ya matokeo maktaba ya mtaa, akaibandika kwenye friji, akaipiga picha na kuwatumia ndugu zake waliobaki Bujumbura.

Mwezi wa saba, katikati ya baridi, karatasi nyingine ilikuja kubandikwa pembeni yake. Ilikuwa ratiba mpya ya kiwanda. Irankunda aliusoma ule mchoro wa juu akiwa ameshika mlango wa friji. Kisanduku cha kijani, kisanduku chekundu, na rangi ya samawati aliyoichagua mwenyewe.

"Walituita mkutanoni," mama yake alisema nyuma yake. "Leanne alitueleza vizuri. Wanawake wanne, wawili kila shifti, wameambiwa wasubiri kupigiwa simu kazi ikipatikana."

"Wamepigiwa?"

"Bado."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye wa kuzunguka. Nasaidia mashine zote tatu." Ninahazwe alikuwa akikunja nguo zilizokauka, akizikunja polepole, akisimama kidogo kati ya nguo na nguo. "Honorine yuko peke yake kwenye ya tatu."

"Wameutengeneza ule ufito?"

Mama yake alimtazama. Lilikuwa jicho la mtu aliyechoka. "Sijui," alisema. "Wewe ndiye uliyeandika."

Tangu siku ile Irankunda aliishi na kitu kifuani ambacho hakukipa jina. Alisoma masomo ya muhula wa mwisho, alikula, alikwenda kanisani. Mara mbili alianza kumwandikia Leanne barua pepe kuhusu ufito, na mara mbili aliiacha katikati, kwa sababu barua ile ingezua swali kwa nini hakusema siku ya wasilisho. Alijiambia kwamba ripoti ndefu wanayo na mtu ameisoma. Kila mama yake alipochelewa kurudi hata kwa dakika kumi, Irankunda alijikuta dirishani.

Mwezi wa tisa Leanne alimwandikia mwenyewe. Kampuni ilikuwa na nafasi ya mhitimu mmoja katika idara ya uendeshaji. Je, angependa kuja kuona matunda ya kazi yake?

Alikwenda siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Ofisi ya Leanne ilikuwa ghorofani, yenye kioo kirefu kinachotazama chini kiwandani. Palikuwa na meza, na upande wa pili wa meza palikuwa na kiti tupu chenye kompyuta mbele yake.

"Hapo ndipo ungekaa," Leanne alisema.

Irankunda hakukaa. Alisogea kwenye kioo. Chini, mashine ya kwanza ilikuwa imekwama, na mama yake alikuwa ameinama pale akivuta shuka lililojikunja, mgongo wake umeelekea mashine ya tatu. Honorine alikuwa peke yake, katikati, kibanio upande mmoja na yeye upande mwingine. Kitufe chekundu kilikuwa mbali naye kwa hatua mbili.

"Tumetoka kumi na tatu hadi kumi," Leanne alikuwa akisema. "Bado hatujafika tisa, lakini tutafika."

Shuka la Honorine liliingia upande. Honorine alinyoosha mkono kulirekebisha, kama alivyofanya maelfu ya mara. Pembe ya shuka ilimzunguka kwenye kiganja. Irankunda aliona kifua chake kikigonga ule ufito, aliona mwili wake ukirudi nyuma na mkono ukikataa kurudi. Kupitia kioo hakusikika kitu. Aliona tu mdomo wa Honorine umefunguka, na mashine ikiendelea kuzunguka.

Alikigonga kioo kwa ngumi zote mbili, akipiga kelele kumwita mama yake. Chini hakuna aliyesikia. Lakini Ninahazwe aligeuka, labda kwa sababu ya jambo alilolisikia yeye, akakimbia akiteleza kwenye sakafu yenye maji na kukipiga kile kitufe kwa mwili wake mzima. Mashine ikasimama. Ilikuwa imeshachukua mkono hadi kifundoni.

Honorine alikatwa vidole vitatu na madaktari, na kiganja chake kikapandikizwa ngozi kutoka pajani. Irankunda alikwenda hospitali siku ya nne, alipopata ujasiri. Mama yake alikuwa ameshafika, amekaa upande wa dirisha. Mkono wa Honorine ulikuwa umefungwa na kuning'inizwa juu kwa kamba.

"Karibu mutoto yangu," Honorine alisema. Sauti yake ilikuwa nzito kwa dawa. "Nikuulize kitu. Pale ukutani wameandika sekunde tisa. Ile tisa walitoa wapi?"

"Nilipima mimi, tantine."

"Siku ile ya kwanza?"

"Siku ile, na nyingine mbili."

Honorine alifumba macho. Alionekana kama anataka kucheka. "Zile siku tulikimbia," alisema. "Mama yako alishindwa kuficha, akatuambia asubuhi, mtoto wangu anakuja, msimwonyeshe mnamujua, lakini asitukute tunalegea, walimu wake wasimupe alama mubaya. Tukakimbia wote. Mimi nililala na maumivu ya bega siku tatu. Hakuna mutu anaweza tisa siku nzima."

Irankunda alimgeukia mama yake. Ninahazwe aliendelea kutazama nje, kwenye maegesho ya magari.

"Kwa nini hukuniambia?" Irankunda aliuliza, na safari hii Kiswahili kilimtoka chenyewe.

"Hukuuliza," mama yake alijibu. "Ningejuaje unapima ili utupunguze? Nilidhani unatupima ili upate alama."

Nesi aliingia, akaangalia chupa ya dawa, akatoka.

Sekunde nne zile Irankunda alikuwa amezitafuta siku mbili maktabani. Sasa aliziona zilipokuwa. Ni muda wa kupumua, wa kubadilisha bega, na wa kutupa jicho kwenye mikono ya mwenzako kabla hujalisukuma shuka.

Kesho yake Leanne alipiga simu. Sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, Irankunda hakuwa na shaka na hilo. Alisema hana ombi kubwa. Wakaguzi wa usalama kazini wanakuja Jumatatu, nao wameomba nyaraka zote zinazohusu mpangilio mpya. Ofisi yake imepata zile slaidi, lakini ripoti ndefu haionekani vizuri kwenye faili zao, ina kurasa nyingi za rasimu. Angeshukuru kama Irankunda na mwenzake wangethibitisha kwa maandishi kwamba slaidi ndizo kazi yao ya mwisho.

"Na ile nafasi," aliongeza, "bado ni yako. Sitaki tukio hili likuharibie maisha."

Irankunda alimpigia Lusekelo. Alimkuta kwenye mapumziko, magari ya kubebea makontena yakinguruma nyuma yake.

"Kama tukituma ripoti yote, watauliza pia ile fomu," Irankunda alisema. "Nilijibu hapana. Mama yangu yuko pale." Hakuwa amewahi kumwambia.

Lusekelo alisogea mbali na kelele za magari. "Wanaweza kukufukuza chuo," alisema.

"Najua."

"Mimi viza yangu inategemea chuo."

"Najua. Ndiyo maana nataka nitume kwa jina langu peke yangu."

"Hapana," alisema Lusekelo. "Jina langu lipo kwenye jalada. Tuma."

Aliwatumia wakaguzi asubuhi ile ile, kurasa zote thelathini na sita, na barua ya ukurasa mmoja. Aliandika kwamba vipimo havikuwa vya kweli na kwa nini. Aliandika kwamba alijua kuhusu ufito tangu mwezi wa tatu, na kwamba yeye ndiye aliyeufuta kwenye slaidi. Nakala moja aliituma kwa Bwana Fenwick.

Majibu yalikuja moja moja. Leanne hakupiga tena. Chuo kilimwita mbele ya kamati ya watu watatu, kikafuta alama za mradi na kumsimamisha kwa mwaka mmoja kwa kusema uongo kwenye fomu. Lusekelo alipewa onyo na kuruhusiwa kurudia somo. Kuhusu slaidi ya kumi na nne, kamati iliandika kwamba ushauri wa mhadhiri ulikuwa wa kitaaluma na haukuwa na kosa. Na kiwandani waliacha kumpigia simu Ninahazwe. Hakufukuzwa, ila simu haikulia tena. Alikaa nyumbani wiki mbili, kisha akaanza kusafisha ofisi Auburn. Hakumlaumu binti yake hata mara moja. Ila karatasi ya matokeo aliitoa kwenye friji, akaikunja na kuiweka ndani ya ule mfuko wa plastiki wenye nyaraka zote.

Irankunda alidhani mambo yamefika mwisho wake, hata kama mwisho huo ni mchungu. Kisha mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja Lusekelo alimpigia simu.

"Ile kampuni ina kiwanda kingine," alisema. "Huku kwetu, Port Botany, kinafua vitambaa vya ndege na meli. Asubuhi nimepanda basi na mama mmoja Mrundi, anaitwa Mélanie. Tumeongea tu, nikamuuliza kazi yake. Amesema yuko peke yake kwenye mashine. Tangu mwezi wa saba."

Irankunda aliwapigia wakaguzi. Mtu aliyepokea alikuwa na adabu. Aliandika anwani, akasema kwamba kiwanda hicho ni faili tofauti na kwamba kitapangiwa zamu yake. Irankunda aliuliza zamu hiyo itafika lini. Yule mtu alisema hawezi kujua.

Siku iliyofuata alipanda treni, kisha basi, akashuka kwenye barabara pana isiyo na miti, malori yakipita na kumpulizia vumbi. Kiwanda kilikuwa cha bati, kama kile kingine. Wanawake wanane walikuwa kwenye mapumziko, wamesimama nyuma ya uzio wa waya na vikombe vyao. Aliita jina la Mélanie, na mwanamke mnene mwenye kitambaa cha manjano kichwani akasogea.

"Shikamoo mama. Naitwa Irankunda. Ni mtoto wa Ninahazwe wa Granville."

"Marahaba. Namsikia mama yako. Kuna nini?"

Irankunda alikuwa amepanga maneno njia nzima, na sasa yalimpotea yote. Akauliza lile moja tu. "Mashine yako ina ufito mwekundu mbele. Ukiugusa, inasimama hapo hapo?"

Mélanie alifikiri. Alionekana kulipa swali lile uzito wake. "Sijui," alisema. "Sijawahi kuugusa. Tuna sekunde tisa tu."

Kengele ililia ndani. Mélanie alimwaga chai iliyobaki kwenye majani, akainua mkono kumuaga, akawafuata wenzake. Irankunda alishika waya wa uzio na kumwita, akamwambia asubiri, kuna jambo lazima amweleze. Mélanie aligeuka mlangoni, akaonyesha saa yake ya mkononi, akaingia. Mlango ukafungwa. Baada ya muda kidogo mashine zikaanza kunguruma, ya kwanza, kisha ya pili, kisha zote.